SuitSat-1: vazi tupu la mwanaanga lililorusha sauti na picha, na kwa nini wengi hawakulisikia

Usiku wa kuamkia Februari 4, 2006, saa nane na dakika chache kwa saa za Afrika Mashariki, wanaanga Valery Tokarev na Bill McArthur walikuwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, karibu na mlango wa chumba cha Kirusi kiitwacho Pirs. Tokarev akalishika vazi kuukuu la Orlan, aina ya mavazi ya wanaanga wa Kirusi, akalisukuma, nalo likaenda zake likipindukapinduka. Ndani hamkuwa na mtu. Mlikuwa na nguo chakavu za kulijaza, betri tatu, vihisi vya joto, na redio ya mkononi ya Kenwood, ndogo kama zile wanazobeba walinzi wa getini. Antena ilifungwa kofiani. Waliolitengeneza walilitania kwa majina ya Ivan Ivanovich na Mr. Smith. Kwenye karatasi liliitwa SuitSat-1, na hewani lilijitambulisha kwa RS0RS.

Kazi yake ilikuwa kuizunguka dunia huku likisema na kutuma picha kwenye 145.990 MHz, masafa ambayo skana yoyote ya kawaida, yaani redio ya kusaka na kusikiliza masafa, inayafikia. Kulikuwa na salamu za watoto wa shule katika lugha kadhaa, sauti ya mashine ikisoma joto, volti na muda tangu vazi liachiwe, kisha picha moja. Wanafunzi wa nchi nyingi waliambiwa watege sikio, kwamba hata redio ya kawaida ingetosha. Wengi wa waliotega sikio walisikia mvumo mtupu.

Kuna visa vingi vya wanaredio wa ridhaa, yaani wale wanaorusha mawimbi kwa leseni na kwa kupenda tu bila biashara, ambavyo vilikwenda vizuri zaidi ya hiki. Lakini sauti na picha zikifika salama hakuna anayeuliza zimefikaje. Hapa zilifika kwa tabu, na tabu yenyewe inaonyesha mnyororo mzima ulivyofungwa.

Wazo lilitoka upande wa Urusi, kwa Sergey Samburov, mwanaredio anayehusika na redio za ridhaa kwenye safari za anga za nchi hiyo. Yeye ni kitukuu wa Konstantin Tsiolkovsky, yule mwalimu aliyeandika hesabu za roketi kabla roketi hazijakuwapo. Warusi waliuita mradi Radioskaf. Mavazi ya Orlan hukaa kituoni, hutumika mara kadhaa, kisha muda wake huisha na yanabaki kujaza nafasi ambayo huko juu ni adimu kuliko maji. Kwa kawaida hutupwa. Samburov na wenzake wa ARISS, ushirika unaosimamia redio za ridhaa kituoni, wakaona kwamba vazi linalotupwa ni setilaiti iliyokwisha kujengwa: lina ganda, lina betri, lina nafasi ndani. Linakosa redio tu. Frank Bauer aliongoza upande wa Marekani, na watu wa kujitolea wa AMSAT, chama cha wanaredio wa ridhaa wanaojenga setilaiti, wakatengeneza kisanduku cha kuitawala redio.

Sauti kwenye redio kama hiyo haina fumbo. Picha ndiyo inayowashangaza watu, maana redio ile haina sehemu ya kuingizia picha. Ina maikrofoni tu. Ujanja, uitwao SSTV na uliobuniwa na Copthorne Macdonald huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, ni kuigeuza picha iwe sauti. Kila nukta ya picha inapewa mlio: nukta nyeusi mlio wa 1500 Hz, nukta nyeupe 2300 Hz, na vivuli vya kijivu vinakaa katikati. Mwanzoni mwa kila mstari unapigwa mlio mfupi wa 1200 Hz, wa chini kuliko yote, kumwambia mpokeaji kwamba mstari mpya unaanza. Redio haijui kama inabeba picha. Inachojua ni kwamba mtu anapiga filimbi ya ajabu mbele ya maikrofoni, na filimbi hiyo ikitokea kwenye spika upande wa pili, kompyuta au simu inaichora upya.

SuitSat-1 ilitumia mtindo uitwao Robot36, kwa kuwa picha nzima ya rangi huchukua sekunde 36. Hesabu yake ni nyepesi: mistari 240, kila mstari milisekunde 150. Ndani ya milisekunde hizo, 9 ni za mlio wa kuanzia, 88 ni za mwanga na kivuli, 44 ni za rangi, na zilizobaki ni nafasi za kupumulia. Rangi hazitumwi zote kila mstari. Mstari huu unabeba nusu ya habari ya rangi na mstari unaofuata unabeba nusu nyingine, kwa sababu jicho la binadamu halina makali kwa rangi kama lilivyo kwa mwanga. Kwa chombo kinachokatiza anga lako kwa dakika kumi tu, picha ya sekunde 36 ilikuwa chaguo la busara.

Sasa tuje kwenye nguvu, maana kisa kimelala hapo.

Redio ilitakiwa kurusha kwa nusu wati. Inaonekana kidogo mno, lakini angani hakuna ukuta wala kilima kati yako na chombo, na nusu wati inatosha. Kituo kilikuwa kikizunguka kwenye kimo cha kilomita 350 hivi. Kwenye masafa ya 146 MHz, wimbi likisafiri umbali huo kuja kwa mtu aliye chini yake moja kwa moja linapungua kwa desibeli 127 hivi (kila desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu). Likija kutoka kwenye upeo, ambako vazi linakuwa mbali zaidi ya kilomita 2,000, linapungua kwa desibeli 142. Nusu wati ni 27 dBm, yaani desibeli 27 juu ya miliwati moja. Toa moja kwa nyingine: vazi likiwa utosini redio yako inapata takriban -100 dBm, na likiwa upeoni -115 dBm. Redio nzuri ya FM inaanza kuelewa maneno karibu na -120. Kwa hiyo kwenye karatasi, hata mtoto wa shule ya Tabora mwenye skana na antena ya waya juu ya paa angelisikia vazi, na kwa njia ya mviringo iliyoinama nyuzi 51.6 kutoka ikweta lingempitia juu ya paa hilo mara kadhaa kwa siku. Waliotangaza mradi hawakudanganya. Hesabu ilikuwa upande wao.

Kilichotokea ni kwamba baada ya mizunguko kama miwili habari zikatoka kwamba vazi limenyamaza, huenda betri zimeganda kwa baridi. Halikuwa limenyamaza. Wanaredio wenye antena ndefu za kuelekeza, zile zenye vijiti vingi vilivyopangwa kama mifupa ya samaki, na wenye vikuza mawimbi vilivyofungwa juu ya mlingoti, walianza kuripoti kwamba kuna kitu kwenye 145.990: mnong'ono, nusu ya salamu ya mtoto, namba moja ya joto, kisha mvumo. Ripoti hizo ndizo zilizolifufua vazi kwenye taarifa. Na kwa kulinganisha aina ya antena na ubora wa walichosikia, wachambuzi wakakadiria kwamba nguvu iliyokuwa ikitoka haikuwa miliwati 500. Ilikuwa kati ya miliwati 1 na 10.

Hebu rudia hesabu kwa miliwati moja. Imepungua mara 500, yaani desibeli 27. Vazi likiwa utosini kabisa unapata -127 dBm, na redio ya mkononi haioni kitu. Likiwa umbali wa kilomita 1,000, unapata -136. Weka antena ya kuelekeza yenye nyongeza ya desibeli 12 na unafika -124. Bado uko nje ya mlango. Kikuza mawimbi kizuri kinakupunguzia kelele za redio yenyewe, unafika kizingitini, vazi linajigeuza upande mwingine, unaanguka tena. Hivyo ndivyo watu wenye vituo vya maelfu ya dola walivyoambulia silabi.

Kizingiti hicho ni tabia ya FM, na nadhani ndicho kitu ambacho wengi wanaoanza na redio za mkononi hawaambiwi mapema. Kwenye redio za upepo za zamani, zile za masafa mafupi walizotumia wamisionari na polisi vijijini, sauti dhaifu inakuwa ndogo na yenye kelele, lakini ipo. Sikio lililozoea linaichambua. FM haifanyi hivyo. Juu ya kizingiti, yapata desibeli 10 zaidi ya kelele, inasikika safi kabisa kama mtu yuko chumbani. Ukishuka chini yake kidogo tu, milipuko midogo inaanza, tap tap tap, na desibeli chache baadaye maneno yote yamemezwa. Ni sakafu yenye shimo.

Na katika kushuka huko, picha hutangulia kufa. Sauti ya mtu ina vipuri vingi: ukikosa silabi moja kati ya "habari za asubuhi", akili inajaza yenyewe. Picha ya SSTV haina vipuri. Kila mlio ni nukta, na mlipuko mmoja wa FM ni mlio wa uongo, kwa hiyo ni doa jeupe au jeusi mahali ambapo palikuwa na uso wa mtu. Milipuko ikiangukia mlio wa 1200 Hz, programu inapoteza mwanzo wa mstari na picha inalala upande. Mbaya zaidi ni kukosa kichwa cha picha, ule mlolongo mfupi wa milio unaotangulia na kuitambulisha kuwa ni Robot36. Programu nyingi husubiri kichwa hicho ndipo zianze kuchora. Zisipokisikia, zinakaa kimya huku picha yote ikipita. Mtu mwenye uzoefu anachagua Robot36 kwa mkono na kurekodi sauti yote, achore baadaye kwa utulivu. Mwanafunzi aliyeambiwa "fungua programu usubiri" hana habari hiyo.

Kuna na kosa la kitufe, dogo lakini la kusikitisha. Redio za FM zina kizuia kelele, kile kinachoinyamazisha spika mpaka wimbi lenye nguvu lifike. Ukikiacha mahali pake pa kawaida, wimbi dhaifu halikifungui, na wewe unasikia kimya safi unachokitafsiri kuwa vazi limekufa. Kwa chombo chochote cha angani kitufe hicho hufunguliwa kabisa, uvumilie mvumo. Siwezi kuwahesabu waliokosa kwa sababu hii tu, lakini atakayeniambia walikuwa wachache simwamini.

Swali la nini kiliharibika halikupata jibu la mkononi, kwa sababu mgonjwa, yaani vazi lenyewe, aliungua baadaye. Tunabaki na washukiwa. Wa kwanza ni antena na waya wake. Robo ya wimbi kwenye 146 MHz ni sentimita 51 hivi, na antena hiyo ilikaa juu ya vazi ambalo kifua chake ni gamba la alumini. Chuma kikiwa karibu na antena kinaibadilisha tabia, na kiungo cha waya kikilegea wakati wa kulivalisha vazi vifaa vyake, nguvu inarudi ndani badala ya kutoka. Wa pili ni redio yenyewe kutofikia nguvu yake, iwe kwa baridi au kwa namna ilivyolishwa umeme.

Ushahidi mmoja unanivuta kwa mshukiwa wa pili. Betri zilikadiriwa kudumu siku 2 hadi 4. Mapokezi ya mwisho yaliyothibitishwa ni ya Februari 18, yaani wiki mbili baada ya vazi kuachiwa. Redio inayosukuma nusu wati kwenye waya uliokatika bado inakula umeme kwa kiasi kisichopungua sana. Redio ambayo haisukumi kitu inakula kidogo, na betri zinadumu. Si uthibitisho, maana makadirio ya betri huwekwa kwa tahadhari na huenda zilikuwa na akiba nzuri tu. Lakini kama ningelazimika kuweka shilingi yangu mahali, ningeiweka hapo.

Wapo waliosema baadaye kwamba kuchagua FM kulikuwa kosa la msingi. Hesabu yao iko sawa. Kelele inayoingia kwenye redio inategemea upana wa mlango uliofunguliwa. FM inafungua kilohezi 15 hivi. Alama za Morse zikisikilizwa kwa kichujio chembamba zinahitaji hezi 100 tu, na tofauti hiyo peke yake ni karibu desibeli 22. Ongeza kwamba Morse haina kizingiti kile cha desibeli 10. Ukijumlisha unapata zaidi ya zile desibeli 27 zilizopotea. Maana yake, vazi lile lile lenye ugonjwa ule ule, kama lingepiga Morse kwa wimbi jembamba, lingesomeka kwa antena ya kawaida.

Ila nani angesoma? Mradi ulikuwa wa watoto wa shule. Skana ya dukani ina FM, haina Morse, na mtoto wa miaka kumi anataka kumsikia mtoto mwenzake akiongea kutoka angani. Kuwapa nukta na vistari kungekuwa kuwapa mtihani. Kwa hiyo mimi siwalaumu kwa FM. Naona upungufu mahali pengine: chombo kilikuwa na njia moja tu ya kusema, na njia hiyo ndiyo inayokufa ghafla. Sekunde tano za Morse katikati ya salamu zingetosha kuwajulisha wapimaji volti na joto kila pito, na kuzima ule uvumi wa kwamba limenyamaza. Pia, tunachojua ni kwamba kipimo kimoja kingemkamata mshukiwa yeyote kati ya wale wawili: kuiwasha redio ndani ya vazi likiwa limefungwa tayari, antena ikiwa kofiani, na kupima kinachotoka kwa redio nyingine iliyo umbali unaojulikana. Kupima redio mezani na kupima antena mezani hakujumlishi kuwa kupima vazi.

Hilo linawahusu hata wanaorusha picha kutoka Mombasa kwenda Malindi. Redio ya mkononi ikiandikwa wati 5 kwenye boksi, inarusha wati 5 pale fundi alipoipima. Ukiifunga kwenye antena ya nje kwa waya wa televisheni uliokaa juani miaka mitatu, kinachofika juu ni kingine. Na ukitaka kutuma picha, usishike simu mbele ya maikrofoni ukapandisha sauti mpaka mwisho. FM ikisukumwa kupita kiasi inakata vilele vya milio, weupe unageuka uchafu, na mpokeaji atalaumu umbali. Punguza sauti mpaka mlio wa 2300 Hz utoke bila kukwaruza, kisha acha hapo. Watumaji wa Kenya na Tanzania, bila shaka, wanahitaji leseni kabla ya kubonyeza kitufe. Kusikiliza ndiyo sehemu iliyo rahisi.

Vazi lenyewe liliendelea kuzunguka likiwa bubu miezi kadhaa, likishuka taratibu, na Septemba 7, 2006 liliingia kwenye angahewa juu ya bahari ya kusini likaungua.

Warithi wake walirekebisha karibu kila kitu nilichokitaja. SuitSat-2 ilipangwa kuwa vazi pia, lakini mavazi yaliyotengwa yalitupwa kupisha nafasi kituoni, na vifaa vikahamishiwa kwenye sanduku lenye paneli za jua. Likaitwa ARISSat-1, na kwa Kirusi Kedr, jina la redio alilotumia Yuri Gagarin. Lilikuwa na salamu za sauti kwenye 145.950 MHz, kamera nne zikituma picha za Robot36 zilizopigwa papo hapo, na pembeni yake Morse na ishara nyembamba ya data, kila moja kwenye mlango wake. Agosti 3, 2011, Sergei Volkov akiwa nje na sanduku mkononi, ikaonekana kwamba antena moja haipo. Wakalirudisha kando, wakajadiliana na watu wa chini saa kadhaa, mwisho wakaliachia hivyo hivyo. Iliyokosekana ilikuwa ya upande wa kupokea kwenye masafa ya juu. Ya kurushia ilikuwepo. Sauti zilisikika na picha zikachorwa. Betri yake ilichoka mapema ikawa linasema likiwa juani tu, na likaendelea hivyo hadi lilipoanguka Januari 4, 2012.